Sinia Themanini za Mwalimu Hashil

Mwalimu Hashil alikwenda Malaysia wiki tatu, akarudi hataki watu wakae. Kabla ya safari alikuwa mtu kama sisi. Alikuwa akifundisha kompyuta katika chuo kimoja kule Amani, anaingia darasani, anawaambia wanafunzi kaeni, anaandika ubaoni, saa zikifika anakwenda zake Mkunazini kula. Aliporudi, asubuhi ya kwanza tu aliwapanga wanafunzi wake ukutani, akawaeleza kwamba huko walikoendelea, watengenezaji wa programu hawakai tena vikao. Wanasimama. Dakika kumi na tano kila siku, na kila mtu anajibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, na kitu gani kimekukwamisha. Viti vyote vya darasa akavitoa, akampa mwalimu wa hesabati wa chumba cha pili, ambaye alivipokea kwa mikono miwili. Huo ulikuwa mwaka elfu mbili na saba, na chuo kizima kilikuwa na kompyuta kumi na moja, nne mbovu.

Njia hiyo aliipa jina la Wepesi. Alibandika ukutani karatasi kubwa yenye safu tatu, Bado, Inafanywa, Tayari, na akawagawia wanafunzi vikaratasi vya manjano vyenye gundi, kwa kuhesabu, maana alivitoa huko huko safarini na madukani Darajani havikuwapo. Kila kazi ndogo iandikwe kikaratasi chake, kitembee kutoka safu hadi safu mbele ya macho ya wote. Kazi iende kwa mbio za wiki mbili mbili, na kila mbio zikimalizika mteja aoneshwe kilichopatikana. Juu ya karatasi, kwa kalamu nyekundu na kwa hati nzuri, maana hati Hashil anayo, aliandika: Mficha maradhi kilio humuumbua.

Msidhani nacheka njia yenyewe. Njia ni nzuri na walioibuni walikuwa na akili zao. Lakini Hashil hakuileta kwa ajili ya programu, aliileta kwa ajili ya cheo. Mkuu wa Idara ya Kompyuta alikuwa anastaafu, na kiti chake kilikuwa kinatazamwa na watu wawili, Hashil na yule mwalimu wa hesabati, mtu ambaye hajapata kupanda ndege. Mkuu wa chuo, Bwana Hija, alisema wazi mbele ya walimu wote: atakayeleta kazi inayotumika mjini, si ya kufutwa ubaoni, ndiye nitakayempa. Kiti chenyewe kilikuwa cha magurudumu na kinazunguka. Hashil alishakikalia mara mbili, mwenye kiti akiwa kaenda kusali.

Basi akatafuta mteja, akampata Bi Shemsa wa Darajani. Bi Shemsa anakodisha vyombo vya shughuli: sinia, sufuria kubwa, mikeka, mabirika ya kunawia. Arusi zote za mjini na nusu ya arusi za shamba zinapita katika ghala lake nyuma ya soko, na zote zimeandikwa katika daftari moja lenye jalada la kaki na kalamu iliyofungwa uzi. Hashil alimwambia kwamba wanafunzi wake watamtengenezea programu. Utaandika siku, utaandika chombo na idadi, na kompyuta itakujibu zipo au hazipo. Bi Shemsa alisema haya, mwanangu, kama anavyowaambia watu wote.

Wanafunzi watano walipewa kazi hiyo. Watatu kati yao hawatuhusu sana. Wa nne alikuwa Basil, kijana wa mjini, mpole, nguo zimepigwa pasi, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika sehemu ya kuhesabu, ile inayotazama vyombo vilivyotoka na vilivyobaki. Wa tano alikuwa Kazija, msichana wa Tumbatu anayekaa Amani kwa khalati yake, dada wa mamake. Kazi yake ilikuwa kupokea jibu la Basil na kulionesha kwenye kioo. Kwa hiyo Basil asipomaliza, Kazija hana cha kuonesha.

Kikao cha kwanza kilikwenda vizuri mno. Hashil alimwuliza wa kwanza, kitu gani kimekukwamisha? Salama, alhamdulillah. Wa pili? Salama tu, Mwalimu. Wa tatu, wa nne, wa tano, salama, alhamdulillah. Dakika nne kikao kimekwisha, na huko Malaysia walikuwa wakitumia kumi na tano. Hashil alirudi ofisini akiamini kwamba kumbe Waunguja wana kipaji cha Wepesi, wamekosa tu mtu wa kuwaamsha.

Lo, mtu kazaliwa Mkunazini, kakulia Mkunazini, na hajui. Sisi ukituuliza habari, nzuri. Nyumba inaungua, nzuri. Baada ya nzuri ndiyo inakuja ila. Nzuri, ila mtoto hajalala siku tatu. Salama, ila bwana kaniacha. Ukweli wote wa kisiwa hiki umo kwenye ila, na ila haisemwi mtu kasimama mbele ya hadhara. Inataka watu wakae, inataka kikombe cha kahawa, inataka aliyeuliza atulie asubiri. Hashil aliviondoa viti, akatazama saa, akadhani salama ndiyo jibu.

Siku ya nne Kazija aliamua kumsadiki. Ilipofika zamu yake alisema, "Mie nimekwama, Mwalimu. Sehemu yangu haiwezi kwenda mpaka ya Basil imalizike, na ya Basil haijaanza."

Basil alitazama viatu vyake. Wengine walimtazama Kazija kama aliyemvua mwenzake nguo sokoni, na Hashil, aliyeandika mwenyewe yale maneno mekundu juu ya ukuta, alihisi joto la aibu linampanda shingoni. Babake Basil anajuana naye, wanasali msikiti mmoja.

"Kazija," alisema, "hapa tunasema ya kwetu, hatusemi ya wenzetu. Wepesi ni ushirikiano. Salama, Basil?"

"Salama, Mwalimu," alisema Basil.

Adhuhuri kikaratasi cha Basil kilikuwa kimeshahamia safu ya Tayari. Hakukihamisha yeye. Wenzake walimhamishia, wamsitiri, maana mwenzako akianikwa nawe huna uso. Na Basil kwa upande wake, ili kikaratasi kisiwe cha uongo mtupu, aliandika mistari mitatu kwa muda tu, mpaka atakapopata nafasi ya kuandika hesabu yenyewe: mtu akiuliza chochote, programu ijibu ZIPO. Hashil alipokiona kikaratasi alifurahi. Akawaambia wenzake ofisini kwamba jambo limesemwa asubuhi, mchana limekwisha. Kisha akafungua kitabu cha alama, na kwenye safu ya ushirikiano akamwandikia Kazija nne kwa kumi.

Kuanzia hapo Kazija naye akawa salama, alhamdulillah.

Mbio za kwanza zikamalizika, Bi Shemsa akaitwa chuoni kuoneshwa. Hakukuwa na kiti cha kumpa, akasimama na bui-bui lake akishika kiuno. Akaulizia sinia hamsini za Ijumaa. ZIPO, ikajibu kompyuta kwa herufi kubwa za kijani. Bi Shemsa akatia kichwani hesabu yake, akakubali kwamba kweli zipo, maana Ijumaa ile hakukuwa na arusi. Bwana Hija alikuwa mlangoni anatazama.

"Habari za mradi, Hashil?"

"Salama, alhamdulillah, Bwana Mkuu."

Na hapo, kwa furaha, mtu huyu akajikaanga kwa mafuta yake. Alisema kwamba binti yake Badriya anaolewa Jumapili ya pili ya Shaabani, watu mia nne, na kwamba vyombo vyote vya arusi ile ataviagiza kwa programu hii, bila ya daftari na bila ya kalamu. Bwana Hija alimtazama kwa heshima mpya. Akasema, "Basi Jumapili ntakuja kula, na Jumatatu tutazungumza ile habari ya kiti."

Wiki hiyo hiyo Hashil alipeleka kompyuta moja nzima ya chuo ghalani kwa Bi Shemsa, ikawekwa juu ya kasha la majani ya chai. Akaketi mwenyewe, akaandika: Jumapili, sinia themanini. ZIPO. Jumapili, sufuria kumi. ZIPO. Bi Shemsa alikuwa ameshafungua daftari na kushika kalamu, lakini Hashil alimzuia mkono.

"Usiniandike humo, Bi Shemsa. Mie ni wa kompyuta."

"Haya, mwanangu," alisema Bi Shemsa, akalifunga.

Alhamisi kabla ya arusi Kazija alimfuata Hashil mpaka mlango wa ofisi ya walimu, akasema ana neno. Hashil alikuwa na simu sikioni, anapanga habari za hina na gari za maharusi. Akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba maneno ya kazi yanasemwa kikaoni mbele ya wote, huo ndio uwazi, ngoja kesho. Kesho yake kikaoni alikuwapo Bwana Hija, kaja kujifunza Wepesi kwa macho yake. Ilipofika zamu ya Kazija, Hashil aliona midomo yake inafunguka. Aliona, msije mkamtetea kwamba hakuona. Alijua lipo neno, na alijua pia ni nani kasimama mlangoni, na akamkazia msichana macho mpaka midomo ikafunga tena.

"Salama, Mwalimu," alisema Kazija.

Hashil akashusha pumzi, na furaha aliyoisikia moyoni ilikuwa na kitu kichungu ndani yake, lakini hakukitafuna.

Jumapili saa moja asubuhi aliondoka na mkokoteni na wachukuzi wawili mpaka Darajani. Ghala lilikuwa wazi, linafagiwa. Ndani mlikuwa na mikeka miwili, birika moja lisilo mfuniko, na kompyuta ya chuo juu ya kasha, imefunikwa kanga ili isiingie vumbi.

"Vyombo viko wapi, Bi Shemsa?"

"Vyombo viko Uroa. Kuna arusi huko, wamevichukua tangu jana."

"Na vyangu?"

Bi Shemsa aliuegemea ufagio. Uso wake haukuwa na kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililomuumiza Hashil zaidi. "Mie nlidhani vyombo vyako vinatoka humo humo kwenye kompyuta," alisema. "Ulinambia nisikuandike. Nikasema labda kule Malaysia wamekupa na sinia."

Hashil aliifunua kompyuta, akaiwasha, akasubiri dakika tano ipate fahamu, akaandika: leo, sinia themanini. ZIPO.

Mkokoteni ulirudi Mkunazini mtupu, unapiga kelele juu ya mawe. Njia nzima alikuwa akiwaona watu mia nne wanatoka msikitini na njaa zao, na Bwana Hija mbele yao. Nyumbani uani moto ulikuwa umeshawashwa, mchele umeshachaguliwa, nyama imeshakatwa, na wanawake thelathini wameketi juu ya mikeka na vibao vya mbuzi wakikuna nazi na kumenya vitunguu. Kazija alikuwa miongoni mwao, amekuja kusaidia pamoja na khalati yake, kwa sababu ukialikwa arusi na mwalimu wako unakwenda, hata kama amekupa nne kwa kumi. Mkuu wa jiko alikuwa Bi Kurwa, mwanamke mnene asiyenyanyua sauti, ambaye ameshapika arusi za watu mpaka na za watoto wao.

"Shikamoo, Bi Kurwa."

"Marahaba. Sinia na sufuria zi wapi?"

"Salama, Bi Kurwa, kila kitu salama, alhamdulillah."

"Sikukuuliza hali," alisema Bi Kurwa. "Nimekuuliza sinia."

Hashil alifungua mdomo na salama haikuja. Mtu mmoja akampisha kwenye kibao cha mbuzi, akaketi, magoti yamefika kifuani, na suruali yake nzuri ya arusi juu ya machicha ya nazi. Bi Kurwa akasubiri. Hakutazama saa.

"Ila," alisema Hashil, "hakuna hata moja."

Bi Kurwa hakupiga ukelele, wala hakuuliza kosa ni la nani. Aligeuka, akauliza wanawake wote: nani ana nini na nani hana? Nao walijibu pale pale. Mie nna sinia tatu, moja imetoboka. Mie sufuria ninayo lakini iko kwa shemegi yangu na tumenuniana, aende mwengine. Mie sina chombo, nna miguu. Mie vitunguu vyangu havishi, nataka wawili. Hapana aliyesema salama, maana jikoni ukisema salama na mchele unashika chini, watu wanakula wali wa kuungua, na jina ni lako mpaka kufa. Bi Kurwa aliwapa njia: wewe Kiponda, wewe Malindi, nyinyi wawili Vuga. Kufika saa nne walikuwa wanarudi na vyombo vichwani.

Kazija aliingia na sinia sita za bibi mmoja wa Kiponda. Hashil alimwendea, na badala ya kusema ahsante, kwa sababu hofu ikimtoka mtu hutoka kwa sura ya hasira, alimwuliza, "Kwa nini hukunambia?"

"Nlikwambia siku ya nne," alisema Kazija. "Ukanipa nne." Akazitua sinia chini, akajifuta jasho kwa mtandio. "Programu haihesabu, Mwalimu. Inajua neno moja. Iulize ngamia mia mbili, itakwambia zipo. Tumeifunza adabu zetu."

Hashil alisikia uchungu wa kweli pale. Alitaka kumwambia nisamehe, na maneno yalifika kwenye ulimi, lakini huko nje watu wa kwanza walikuwa wanaingia na kanzu zao nyeupe, na aliwahi kwenda kuwapokea.

Pilau ililiwa saa moja baada ya wakati wake, katika sinia sitini na moja, mabeseni kumi ya maua, nyungo mbili zilizotandikwa majani ya mgomba, na kitu kimoja ambacho ukikitazama vizuri ni mfuniko wa pipa. Watu walikula wakasifu. Bwana Hija alipewa beseni lenye maua mekundu, yeye na wazee wanne, na alipokwisha kunawa akamwita Hashil mbele ya wote. Basil ndiye aliyekuwa kashika birika la kunawia. Kwenye mlango wa uani alisimama Kazija na sinia mikononi.

"Chakula kizuri, mashaallah," alisema Bwana Hija. "Na programu vipi? Imekufaa?"

Hashil alimtazama Basil. Akatazama mlangoni. Ingetosha neno moja dogo, na kazi nzima ingenusurika.

"Salama," alisema Hashil. "Alhamdulillah."

Maji ya birika yalikuwa yanamwagika kwenye mkeka na Basil hana habari. Mlangoni Kazija aligeuka, akarudi ndani.

"Basi kiti ni chako," alisema Bwana Hija, na wazee wakasema mashaallah. "Tena nisikilize. Mfunguo mosi, Ramadhani ikisha, namwoza kijana wangu, watu elfu moja. Na mie sitaki daftari. Ntaagiza kwa programu hiyo hiyo, nawe mwenyewe uisimamie."

Jumatatu Hashil aliketi juu ya kiti cha magurudumu, na hakikuzunguka vizuri kama alivyokuwa akikumbuka. Akakisukuma mpaka darasani, akawasha kompyuta peke yake kabla wanafunzi hawajaja. Kikaratasi cha Basil kilikuwa bado Tayari, lakini kilikuwa kimeandikwa upya: imetengenezwa. Akaandika: ngamia mia mbili. HAZIPO. Moyo ukamrudi, akakaribia kucheka. Akaandika: sinia elfu moja. HAZIPO. Akaandika: mkeka mmoja. HAZIPO.

Wanafunzi wakaingia, wakajipanga ukutani kama walivyofunzwa. Salama, alhamdulillah. Salama tu, Mwalimu. Basil akasema salama kwa sauti ya chini. Hashil alimfikia Kazija, na kwa mara ya kwanza tangu arudi safari hakutazama saa.

"Kaeni," alisema. "Leo tukae, tuzungumze."

Wanafunzi wakatazamana. Chumba kilikuwa kitupu. Kutoka chumba cha pili zilisikika sauti za viti vinavyovutwa, darasa la hesabati linakaa. Katika chumba chao kulikuwa na kiti kimoja tu, kile cha magurudumu, na Hashil alikuwa juu yake.

"Kazija," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, "zile alama ntazibadilisha. Nambie kweli. Programu itakuwa tayari Mfunguo mosi? Kuna ila?"

Kazija alikitazama kiti. Kisha akayatazama yale maandishi mekundu ukutani, na vikaratasi vyote vya manjano vilivyojaa safu ya mwisho, akakunja mikono mbele kwa adabu.

"Salama, Mwalimu," alisema. "Alhamdulillah."